Bunduki ya marehemu babu: naomba msaada kusoma alama zake

#1 Mjukuu wa Mikumi
Wakuu, habari za jioni.

Nyumba ya marehemu babu ipo Magomeni Mikumi na warithi tumekubaliana isafishwe kabla ya kikao cha ukoo. Jumamosi tulifika darini, juu ya chumba cha stoo. Kulikuwa na mzigo mrefu umeviringishwa kwa gunia la katani, ndani ya gunia khanga, ndani ya khanga karatasi ya kaki iliyolowa mafuta mpaka imekuwa nyeusi kama lami. Kufungua: bunduki.

Jirani yetu, mgambo mstaafu, ameitazama na kusema ndani hamna kitu. Pembeni kulikuwa na kopo la tumbaku lenye risasi tano. Hilo tumeliacha pale pale.

Sasa maneno ya ukoo. Baba mdogo anasema hii ni bunduki ya Mjerumani, kwamba baba yake babu alikuwa askari wa Wajerumani na alirudi nayo vita ilipoisha 1918. Babu mwenyewe hakuwa msemaji sana, ila sote tulimsikia akisema, "Hii bunduki nusu yangu, nusu ya mwenzangu." Baba mdogo anatafsiri kuwa huyo mwenzake ni baba yake mzazi. Na tayari ana mtu Kariakoo aliyemwambia vitu vya Mjerumani vinauzwa mamilioni.

Nilichoona kwa macho yangu: ubao wa kahawia iliyokolea, lakini mbele umeishia njiani kama umevunjika, mtutu umebaki uchi. Chini kuna kisanduku cha chuma. Kitako kina bamba la shaba nyuma. Upande wa kulia, juu kidogo ya kiganja kinaposhika, kuna taji la mfalme, herufi GRI, halafu neno limeliwa na kutu, nasoma ...HAPORE, nikadhani Singapore. Chini yake mwaka, ama 1912 ama 1942. Kuna namba ndefu mbele zaidi. Na kuna alama kama nyota.

Ni kitu gani hiki?

#2 Dogo wa Tandale
GRI ni Gari la Reli ya India. Nafunga mjadala.

#3 Mama Shadya
Uzi wa bunduki na hakuna picha. Ila kwa hili nakuunga mkono, usiweke. Namba usiziandike zote, na anwani umeshaisema nusu, inatosha.

Naweka kigoda hapa.

#4 Chuma Chakavu
Mkuu, kabla wataalamu hawajaja, baba mdogo ana bei gani? Inbox iko wazi.

#5 Wakili wa Jioni
Mkuu Chuma Chakavu, futa hilo. Na wewe mleta uzi, sikiliza kabla ya habari za taji na nyota. Tangu 2015 tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi. Leseni ya bunduki ni ya mtu, hairithiwi kama shamba la Kisarawe. Babu akifariki, hata kama alikuwa nayo halali kabisa, silaha inapaswa kupelekwa polisi, na anayeitaka aombe upya kwa jina lake. Kuiuza kwa mtu wa Kariakoo ni kesi mbili, yako na ya kwake.

Usiibebe kwenye bodaboda, usiipandishe daladala kwenye gunia. Mwone mjumbe au mwenyekiti wa serikali ya mtaa, piga simu kituoni, waje waichukue nyumbani. Jeshi la Polisi hutangaza vipindi vya kusalimisha silaha kwa hiari, lakini huna haja ya kusubiri tangazo.

#6 Mjukuu wa Mikumi
Nimekuelewa wakili, na shangazi ndiye aliyesema hivyo hivyo tangu Jumamosi. Mwenyekiti wa mtaa ameshaambiwa. Mimi sitaki kuiuza, nataka kuijua kabla haijaondoka. Wakija kuichukua ndiyo basi tena, na tutabaki na maneno ya baba mdogo miaka mingine hamsini.

#7 Fundi Mstaafu
Kijana, marahaba, ingawa hukunisalimia.

Nimekaa ghala la silaha miaka ishirini na mbili, kazi yangu ilikuwa kutengeneza na kukagua. Kwa maelezo yako tu naweza kukuambia hiyo si ya Mjerumani. Lakini sitaki uniamini mimi, nataka ukisome chuma mwenyewe.

Kwanza, usiguse na msasa. Usiguse na brashi ya waya. Watu wanaua alama kwa usafi. Chukua kitambaa laini, mafuta ya taa kidogo, futa ule mgando wa mafuta ya zamani, acha ikauke. Halafu chukua chaki nyeupe ya shule, ilaze ubavu, isugue juu ya maandishi, kisha futa kwa kidole. Unga utabaki ndani ya michoro. Mulika tochi ya simu kutoka ubavuni, si kutoka juu. Hapo hata herufi iliyoliwa itanyanyuka.

Andika hapa unachoona: (a) ule mstari wa chini kabisa baada ya mwaka, (b) hiyo "nyota" ina mistari mingapi, (c) namba ya mbele, herufi yake ya kwanza na tarakimu mbili za mwisho tu, (d) namba iliyopo nyuma ya mkono wa bolti. Bolti ni lile komeo la kuvuta na kusukuma. Namba imegongwa mgongoni mwa mpini wake, watu wengi hawaijui.

Risasi ziache koponi.

#8 Mwalimu wa Pugu
Naingilia kidogo wakati kijana anatafuta chaki.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na jina kwa kila aina, siku hizi sote tunasema bunduki au gobore tukamaliza. Ya mrao ni ile ya kuwashwa kwa utambi. Ya gumegume inapiga jiwe kutoa cheche. Ya fataki ina kifuniko kidogo kinachogongwa na mtambo. Zote hizo unashindilia baruti kupitia mdomo wa mtutu, kwa mdeki, yaani ule ufito wa kushindilia. Kisha ikaja ya viasi, yaani unaingiza kiasi kizima kwa nyuma, baruti na risasi vikiwa pamoja. Ya mleta uzi ni ya viasi. Gobore si jina lake.

#9 Mnyalukolo Halisi
Mwalimu umenikumbusha. Sisi Wahehe hatukusubiri kurithi za Mjerumani, tulizichukua Lugalo tarehe 17 Agosti 1891. Zelewski, kamanda wa Wajerumani waliyemwita Nyundo, alikufa pale na kikosi chake, na bunduki kama 300 zikabaki kwetu. Ndiyo maana kambi kubwa hapo Dar inaitwa Lugalo. Zamani ilikuwa Colito.

#10 Dogo wa Tandale
Kwa hiyo babu wa Mikumi alikuwa Mhehe? Uzi umeiva.

#11 Mjukuu wa Mikumi
Shikamoo mzee Fundi, naomba radhi kwa kupitiliza.

Chaki imefanya kazi kuliko nilivyotarajia. Nilikaa barazani na taa ya simu, mtoto wa dada yangu ameshika chaki, yeye ndiye aliyesoma kwanza.

Upande wa kulia, kutoka juu: taji, G.R.I., ISHAPORE, mwaka (tarakimu ya tatu bado ina shimo la kutu), SHT. L.E., na mstari wa mwisho ni III na kinyota kidogo juu yake.

Ile nyota kubwa niliyosema iko mbele zaidi. Si nyota. Ni kama nyayo mbili za kuku zimegusana visigino.

Namba ya mbele, kwenye bodi, lile chuma ambamo bolti inaingia: inaanza na P, inaishia 71. Kwenye mtutu jirani yake ni hiyo hiyo, P na 71.

Nyuma ya mpini wa bolti: R, inaishia 08.

Nimerudia mara tatu. Hazifanani.

#12 Fundi Mstaafu
Marahaba mwanangu. Hapo sasa tunaongea.

ISHAPORE ni kiwanda cha bunduki nchini India, karibu na Calcutta. GRI ni Kilatini, Georgius Rex Imperator, Mfalme George ambaye pia ni kaizari wa India. SHT. L.E. ni kifupi cha Short Lee-Enfield, bunduki ya .303 ya jeshi la Waingereza. Hii ndiyo waliyobeba Keya, yaani askari wa King's African Rifles, na ndiyo iliyobaki mikononi mwa polisi na walinzi kwa miaka mingi. Wengine mtaiita Mark 4 kwa mazoea, lakini Mark 4 ni ndugu yake mdogo, tundu la kulengea lipo nyuma karibu na jicho. Kwenye hii yako kilengeo cha nyuma kipo katikati, juu ya mtutu, si ndiyo?

Sasa ubishi wa 1912 au 1942 umeamuliwa na kile kinyota kidogo. Mark III ilikubaliwa 1907. Ilikuwa na bamba la kuzuia risasi za kisanduku zisipande, pembeni kulia, na kilengeo cha ziada ubavuni kushoto cha kupigia mbali kwa kundi. Vita vya kwanza vilipopamba moto waliona ni gharama bure, wakaviondoa, na ile iliyorahisishwa wakaiita III kinyota. Hiyo ni 1916. Bunduki ya 1912 haiwezi kuwa na kinyota. Yako ni 1942.

Nyayo za kuku: unyayo mmoja, mshale wa mistari mitatu, maana yake ni mali ya serikali ya Uingereza. Ukiona miwili imegusana ncha kwa ncha, maana yake serikali imeiachia, imetoka jeshini, imeuzwa. Kwa hiyo hakuna aliyeiiba kambini.

Mbele haijavunjika. Tazama mwisho wa ubao: kama umevunjika utaona nyuzi za mti. Kama ni laini na umeviringwa, umekatwa kwa msumeno na kupigwa tupa.

#13 Mjukuu wa Mikumi
Ni laini mzee. Umeviringwa vizuri kabisa, hata rangi imepakwa.

Na kilengeo kipo pale ulipopasema, kina namba 2 mpaka 20.

#14 Fundi Mstaafu
Mbili hadi ishirini ni mamia ya yadi, 200 mpaka 2000. Usihangaike na hiyo 2000, hiyo ni karibu kilomita mbili.

Ubao umekatwa na mtu aliyejua anachofanya. Ya jeshi imefunikwa ubao mpaka mdomoni, na mbele kabisa ina kofia nzito ya chuma yenye masikio mawili ya kulinda kilengeo na kinundu cha kuvishia singe. Mtu anayekwenda porini hataki uzito huo, anakata. Wenye mashamba walifanya hivyo sana. Ukitaka kuona mdomo wa bunduki ya kijeshi na singe yake, shuka kituo cha Posta, tembea mpaka Samora na Azikiwe umtazame yule Askari wa shaba.

Ile kofia ya mbele nayo huwa na namba. Ushahidi huo umekwenda na msumeno.

#15 Mzee wa Data
Samahani Fundi, heshima yako, lakini kuna mahali hoja yako inavuja. Umesema si ya Mjerumani kwa sababu ni ya Kiingereza. Askari wa Wajerumani walibeba za Kiingereza pia. Baada ya mapigano ya Tanga, Novemba 1914, Waingereza walikimbilia melini wakaacha bunduki 455 na risasi zaidi ya nusu milioni. Na von Lettow, kamanda wa Wajerumani, aliposalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba 1918, alikabidhi bunduki 1,071, na zote zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Zile Mauser za Kijerumani za mwaka 1871 alizoanza nazo, za milimita 11, zenye moshi mweusi unaomwonyesha adui ulipo, zilikuwa zimeisha kazi.

Kwa hiyo baba mdogo anaweza kuwa sahihi kuhusu babu mkuu na bado bunduki ikawa ya Mwingereza.

#16 Mwalimu wa Pugu
Hoja nzuri sana hii, na iliwahi kunishinda darasani mwaka mmoja. Watoto huuliza, "Mjerumani alipataje risasi na pwani imefungwa?" Jibu ni Tanga, kisha ile meli Rubens iliyoingia ghuba ya Manza Aprili 1915. Ikapigwa na Waingereza, ikazama kina kifupi, shehena ikatolewa majini na risasi zikaanikwa moja moja. Kisha walizoteka kwa Wareno, Ngomano kule Msumbiji, Novemba 1917.

#17 Fundi Mstaafu
Mzee wa Data, hoja yako ni kweli tupu na ningekupa alama zote kama mwaka ungekuwa 1912. Lakini chuma kimesema III kinyota. Hata ingekuwa ya 1916 isingeweza kupigana Tanga 1914, sembuse hii iliyotoka kiwandani India 1942.

Kama ingekuwa Mauser 98 ya Mjerumani angeiona tofauti bila chaki. Kisanduku cha risasi hakitokezi chini, kimejificha ndani na kinabeba tano tu. Hii inabeba kumi, unazisukumia tano tano kwa klipu. Usalama wa Mauser ni kipepeo kilichokaa nyuma juu ya bolti. Na jina la kiwanda na mwaka viko juu ya chemba, si ubavuni.

#18 Dogo wa Tandale
Baba mdogo kafiwa mara ya pili.

#19 Mjukuu wa Mikumi
Nimemsomea. Amesema Wahindi walimtengenezea Mjerumani kwa siri.

Wakati huo huo nimegundua kitu. Lile bamba la shaba la nyuma ya kitako lina kimlango kidogo. Nilikibonyeza kwa kucha kikafunguka. Ndani kuna tundu refu na humo kuna kichupa cha shaba chenye kifuniko cha kuzungusha, ukikifungua kifuniko kinatoka na kijiko chembamba. Mafuta bado yapo, yamekuwa mazito kama asali. Nyuma yake kuna kamba imekunjwa, ina uzito wa shaba mwishoni na vitanzi. Kwenye kitanzi kimoja kuna kitambaa cheupe bado kimekaa.

Mikono ilinitetemeka kidogo, sijui kwa nini. Hicho kitambaa alikiweka babu.

#20 Mama Shadya
Mimi sijui kitu kuhusu bunduki na nimeisoma hii mara mbili.

#21 Fundi Mstaafu
Hiyo kamba unaiteremsha kwa uzito wake ndani ya mtutu, unaivuta, kitambaa kinafuata. Kichupa hicho tulifundishwa kukijaza kabla ya kujijazia chakula.

Sasa kuhusu namba mbili. Bodi na mtutu ni P, bolti ni R. Kiwandani huoanishwa. Risasi ikishaingia, kinachoishikilia isirudi usoni mwako ni kichwa cha bolti. Nafasi kati ya kichwa hicho na kitako cha risasi ni ndogo sana, wanapima kwa vyuma maalumu. Bolti ya kuazima inaweza kuingia vizuri, ikafunga vizuri, na bado nafasi ikazidi. Hapo ganda linaweza kupasuka na moshi wa moto ukarudi nyuma. Sisemi hii ni mbovu. Nasema hakuna mtu mwenye akili anayeijaribu kuona kama bado inalia.

Babu aliitumia kweli, au ilikaa darini tu?

#22 Mjukuu wa Mikumi
Nimemuuliza shangazi, yeye ndiye mkubwa aliyebaki. Anasema aliitumia, lakini si hapa Dar. Alikuwa mlinzi wa shamba la mkonge upande wa Kilosa kabla hawajahamia Magomeni. Anakumbuka kitu kimoja alichokiona akiwa mdogo na hajawahi kukielewa: babu akitoka kupiga nguruwe pori alikuwa anachemsha maji kwenye birika, anaisimamisha bunduki kwenye beseni mdomo chini, anamimina maji yanayochemka ndani ya mtutu. Bibi alikuwa anagomba kwamba kuni zinaisha.

#23 Fundi Mstaafu
Allah! Shangazi yako ametoa ushahidi mkubwa kuliko chaki.

Fataki ya risasi za zamani za .303 iliacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo inavuta unyevu, na kwa joto letu mtutu unaota kutu usiku mmoja. Mafuta hayaiondoi, mafuta yanaifunika tu. Inayeyushwa na maji ya moto, na kwa kuwa chuma kinapata joto kinajikausha chenyewe. Baada ya hapo ndiyo kamba na mafuta. Huo ni utaratibu wa jeshi la Waingereza. Mtu hawezi kuubuni jikoni. Babu yako alikuwa Keya, nakuapia.

#24 Mjukuu wa Mikumi
Mzee, shangazi anakataa. Babu hakuwahi kuvaa gwanda. Aliyekuwa Keya ni rafiki yake, mlinzi mwenzake, alikwenda Burma. Ndiye aliyemfundisha.

#25 Fundi Mstaafu
Kiapo nakirudisha. Nusu nilipata.

#26 Chuma Chakavu
Ila wazee mnajua 303 ikiwa na namba zisizofanana bei inashuka. Nasema tu.

#27 Mama Shadya
Wewe bado upo?

#28 Mjukuu wa Mikumi
Marejesho.

Askari wamekuja Alhamisi, wawili, mmoja mtu mzima, na mwenyekiti wa mtaa akiwepo. Wameichukua pamoja na kopo la risasi. Yule mtu mzima aliikagua kwanza: akaivuta bolti, akaingiza kidole kwenye chemba, akatazama mwanga mtutuni. Risasi alizimwaga juu ya gazeti, nikasoma kwenye kitako cha moja KF na VII. Akaanza kuandika stakabadhi, akaandika namba ya bodi. Nikamwomba aandike na ya bolti. Akaniuliza nimejuaje kuwa ziko mbili. Nikamwambia kuna mzee mmoja amenielekeza.

Ameandika zote.

Walipoondoka, shangazi akaenda chumbani akarudi na kasha la biskuti la bati. Vyeti vya kuzaliwa, risiti za kodi ya nyumba, na karatasi moja imekunjwa mara nne, mikunjo imekatika. Ni leseni ya silaha. Jina la babu linasomeka, 1962 inasomeka, ".303" inasomeka. Na namba ya bunduki: R, inaishia 08.

Yaani leseni ni ya bolti? Karani alinakili vibaya?

#29 Fundi Mstaafu
KF ni Kirkee, kiwanda cha risasi cha India karibu na Poona, VII ni aina ya risasi. Sawa na umri wa bunduki.

Hilo la leseni linawezekana. Karani mvivu anasoma namba iliyo karibu na mkono, na ya bolti iko wazi wakati ya bodi imejaa mafuta. Lakini sijaridhika. Mwenye bunduki yupo pale pale, anaijua namba yake kama anavyojua jina la mwanawe.

#30 Mtoto wa Karani
Nilikuwa msomaji tu humu lakini hapa lazima niandike.

Baba yangu alikuwa karani wa stoo kwenye shamba la mkonge, Kilosa hiyo hiyo, sijui kama ni shamba moja. Walinzi walikuwa na bunduki za .303. Asubuhi wakitoka lindo, bunduki zilipangwa kwenye kibao cha mbao ukutani, na kila mlinzi alichomoa bolti akaikabidhi ofisini. Bolti zilifungiwa kwenye kasha la chuma, kila moja na kibati cha jina. Mtu akivunja stoo usiku akachukua bunduki, amechukua fimbo. Jioni unachukua bolti yako kwa jina lako, unakwenda kibaoni unachukua bunduki yako.

Baba alikuwa akisema ugomvi ulikuwa hapo kibaoni. Zote zimekatwa ubao namna moja, zote nyeusi kwa mafuta, giza linaingia. Bolti huwezi kukosea, unapewa na karani. Bunduki unaokota.

#31 Wakili wa Jioni
Kisheria maana yake bodi ilikuwa ya leseni ya mtu mwingine miaka yote hiyo. Ungekuwa umeificha sasa hivi ningekuwa nakutafutia dhamana.

#32 Mama Shadya
Jamani rudini juu, #1, maneno ya babu mwenyewe.

"Nusu yangu, nusu ya mwenzangu."

#33 Dogo wa Tandale
Nimesimama.

#34 Fundi Mstaafu
Mama Shadya, umenishinda na mimi ndiye fundi.

Kwa hiyo bolti ni ya babu, na bodi ni ya mwenzake. Na kama mwenzake naye aliondoka na bunduki yake, basi mahali fulani kuna bodi ya R, inaishia 08, yenye bolti ya P, inaishia 71. Kijana, muulize shangazi jina la yule wa Burma.

#35 Mjukuu wa Mikumi
Jina sitaliweka, ana wajukuu. Alikuwa mtu wa Kimamba. Shangazi anamkumbuka vizuri kwa sababu alikuwa anakuja Magomeni kila Idi kubwa na debe la asali, na kabla hajavua viatu anamwambia babu, "Nirudishie changu." Babu anamjibu, "Leta changu kwanza." Kisha wanacheka mpaka wanakohoa. Bibi alidhani ni deni la pesa, akawa anamficha babu mshahara.

Nilimsomea shangazi maelezo ya Mtoto wa Karani polepole, mara mbili. Alinyamaza, akakunja ile karatasi, akairudisha kwenye kasha la biskuti.

Baba mdogo naye alikuwepo, amesikia yote. Ameuliza kama huyo mzee wa Kimamba alikuwa Mjerumani.